Supu ya Mwani ya Mkuu Maeng

Pyo Eun-sil alikuwa ameeleza mpaka koo limemkauka, na Mkuu Maeng bado alikuwa anatikisa kichwa. Hospitali yao ya Daejeon ilikuwa inatafuta namna ya kuamua nani aruhusiwe kufungua faili la mgonjwa gani kwenye kompyuta. Eun-sil, fundi wa mifumo, alitaka ruhusa ifuate kazi: anayemtibu mgonjwa afungue faili lake, na matibabu yakiisha, lijifunge. Maeng, mkuu wa utawala, alitaka ruhusa ifuate cheo. Aliye juu aone yote, basi.

"Bi Pyo, hebu nieleweshe," alisema. "Muuguzi aliyeajiriwa juzi afungue, mimi nikijaribu niambiwe hapana? Si nitachekwa jengo zima?"

"Nani akucheke, Mkuu? Wewe humchomi mtu sindano. Faili la nini?"

Wajumbe wa kikao walicheka chinichini, Maeng hakucheka. Katika ofisi ile hakuna anayegusa kijiko kabla ya mkubwa wake, na kumnyima mkubwa kitu anachopewa mdogo ni kumvua nguo hadharani. Eun-sil alikulia katika adabu hiyo, lakini siku hizi ilimchosha. Unamweleza mtu usalama, yeye anasikia dharau. Heri kumpigia mbuzi gitaa, maana mbuzi hakuitishii kikao kingine.

Tena faili moja mle lilikuwa lake mwenyewe. Mwezi uliopita mimba yake iliharibika, na gari la wagonjwa likamkimbiza hapohapo kazini kwake. Wenzake aliwaambia ni tumbo la kuhara. Mama mkwe wake hakujua hata kama mimba ilikuwepo. Alitaka jambo hilo libaki kati yake na mumewe, wakae nalo mpaka lipoe. Ndiyo maana Maeng alipoagiza njia ya cheo ijaribiwe juma hili, tena kwa mafaili ya kweli kwa kuwa majina ya kubuni yanamchanganya, Eun-sil alipinga mpaka akaambiwa ana kiburi.

Mchana Maeng alimfuata kantini, akamwekea bakuli mezani kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa supu ya mwani, ile wanayopewa wanawake waliotoka kwenye uzazi, au mtu yeyote siku yake ya kuzaliwa. Siku ya kuzaliwa ya Eun-sil ilikuwa mbali.

"Kunywa, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mke wangu naye yalimkuta. Hii inarudisha damu."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa najaribu mfumo. Unafanya kazi vizuri kabisa."

Hakuwa na ubaya hata chembe, na hapo ndipo Eun-sil alipochomwa moyo. Mtu mbaya ungemtukana, roho ikatulia. Huyu ulitakiwa umshukuru. Akakiweka kijiko chini bila kuionja supu.

Kikao kiliporudi, Maeng alitangaza kwamba majaribio yanakwenda salama na hakuna aliyelalamika. Eun-sil angeweza kunyamaza. Siri ingebaki kwa Maeng peke yake, mpaka siku mkubwa mwingine naye atakapojaribu mfumo. Akasimama.

"Lalamiko lipo," alisema. "Mwezi uliopita sikuharisha. Mimba yangu iliharibika. Humu ndani sikumwambia mtu. Leo Mkuu Maeng kaniletea supu ya mwani."

 Maeng akawa mwekundu mpaka masikioni. Kura zilipopigwa, njia ya kazi ilipita bila mpinzani. Hata mkono wake yeye uliinuka, taratibu.

Jioni hiyo Eun-sil alilifunga faili lake kwa kufuli ambalo hata mganga mkuu asingeweza kulifungua. Akazima kompyuta, akachukua koti lake, akapita katikati ya wenzake waliokuwa wanamwangalia kwa huruma, wote wakijua kilichomo.