Kovu Lisilokuwa Shavuni

Mtaani walimwita Sindano. Wageni walidhani ni kwa sababu ya ushonaji wake, wengine walisema ni ule mwili mwembamba, lakini waliokua naye walijua ni ulimi. Alikuwa hachelewi kukuchoma. Mteja akilalamika kuwa gauni linambana, Sindano alimwambia gauni ni lile lile, aangalie sahani yake. Watu walicheka, na kesho wakarudi, maana mkono wake ulikuwa mtamu kuliko maneno yake.

Ulimi huo ulizimika mwaka alipozika mtoto wa pili.

Wa kwanza alitoka kabla ya miezi saba. Wa pili alitimiza miezi yote, akazaliwa kimya. Wote wawili walipokelewa na mama yake Sindano, ambaye alikuwa mkunga na alikuwa amepokea nusu ya watoto wa mtaa ule. Huyo wa pili bibi yake alimpuliza, akamsugua kwa taulo mpaka yeye mwenyewe akalowa jasho, kisha akamfunga vizuri kama mtoto anayelazwa. "Ni wa kiume, mwanangu," alisema. "Mtazame hata mara moja. Usipomtazama utakuja kujuta."

Sindano aligeukia ukutani.

Miezi minne baadaye mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alimpeleka kwenye kanisa jipya lililokodi ghala nyuma ya karakana yake. Kiongozi wa pale hakutaka kuitwa mchungaji, aliitwa Mtumishi. Mgeni alipelekwa kwanza kwenye chumba kidogo chenye zulia, akakaa na dada mmoja wa sauti ya pole aliyemuuliza habari zake huku akiandika kwenye daftari. "Ni ili Mtumishi akubebe kwenye maombi," dada alieleza. Sindano hakuwa na hamu ya kusema. Nani alikuzalisha? Mama. Watoto walikuwa wangapi? Wawili. "Na huyu wa mwisho, alikuwa wa kike?" Sindano akaitikia kwa kichwa, ili maswali yaishe tu.

Jumapili iliyofuata Mtumishi alinyamaza katikati ya mahubiri, akafumba macho.

"Yupo mama hapa," alisema. "Naona watoto wawili. Mmoja ni msichana, amevaa nyeupe. Anauliza, mama, kwa nini ulimwacha yule anipokee?" Watu wakaguna. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mkono uliowapokea ndio uliowachukua."

Sindano alijua ni yeye anayesemwa. Lakini neno *msichana* alilisikia, na kwa muda wa pumzi moja kitu ndani yake kilisema: hapana, si kweli. Akakinyamazisha. Mtumishi hawezi kukosea, basi aliyekosea ni mama. Au hakukosea, alidanganya. Na mtu anayeweza kudanganya juu ya maiti ya mjukuu wake, atashindwa nini kingine? Hivyo jambo lililopaswa kumfumbua macho likawa ndilo ushahidi wake mkubwa.

Mama yake alipokuja Jumatano, kama kawaida yake, alimkuta binti amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Mama, usije tena hapa."

"Nimekosa nini?"

"Unajua mwenyewe."

Mkunga alimtazama mkwewe aliyekuwa nyuma, akamtazama binti. "Nani kawaambia?"

"Mungu."

"Huyo ninamfahamu tangu hujazaliwa," mama alisema. "Hana tabia ya kusengenya. Mpimeni aliyewaletea habari, wanangu. Kila anayepiga kelele kwa jina la Bwana si lazima awe ametumwa."

"Toka," alisema mkwe.

Basi akatoka. Kwa miaka mitatu, wakikutana sokoni, Sindano alivuka barabara.

Katika miaka hiyo alipanda cheo kanisani. Aliwashonea wanakwaya majoho, akafunga na kuomba kuliko wote, na yule dada wa sauti ya pole alipohama, Mtumishi mwenyewe alimkabidhi daftari. Sindano alilipokea kwa mikono miwili. Aliamini anaandika mahitaji ya kuombewa. Kila Ijumaa alilipeleka ofisini, kila Jumapili alilia na wengine Mtumishi alipofunuliwa siri za watu. Mara nyingi siri hizo zilikuwa za wageni wake. Aliona ni maombi yanajibiwa haraka.

Siku moja akaja mwalimu wa chekechea, mama wa watoto watatu, mwenye kichwa kisichokwisha kuuma. Alizungumza kwa kasi kama mtu anayekimbiza mvua. Sindano aliandika: anaishi na wifi yake, dada mdogo wa mumewe. Wifi ndiye anayewaogesha watoto na kupika. Ana kovu la moto shavu la kushoto.

Jumapili, Mtumishi akafumba macho. "Namwona mwanamke jikoni kwako. Si wa tumbo lako, si wa damu yako. Ana alama ya moto, hapa." Akajigusa shavu la kushoto. "Kichwa chako amekifunga kwenye sufuria yake."

"Ni yeye!" mwalimu alipiga kelele. "Ni wifi! Yesu, ni wifi!"

Baada ya ibada Sindano alimkuta nje, anapiga simu kwa mumewe. "Akusanye vitu vyake, nikifika nisimkute," alikuwa akisema. Alipokata simu, akamgeukia Sindano, macho yanang'aa. "Umeona dada? Mungu ni wa ajabu. Ila alionyesha shavu, kumbe lile kovu liko mkononi. Mkono wa kushoto."

"Mkononi?"

"Si nilikuambia? Aliungua na mafuta. Lakini ni huyo huyo tu. Labda katika roho linaonekana usoni."

Sindano alimwacha pale. Alirudi kwenye chumba kidogo, akafungua daftari, akasoma mwandiko wake mwenyewe. Shavu la kushoto. Mwalimu alikuwa akisema haraka, naye siku ile macho yalikuwa mazito kwa kufunga siku tatu. Kosa lilikuwa lake yeye. Lilitoka kwenye kalamu yake, likapita ofisini, likapanda madhabahuni, likashuka kwa jina la Mungu.

Alikaa pale mpaka sauti za kukunja viti zikaisha. Kisha akakumbuka msichana wa nguo nyeupe.

Alimkuta Mtumishi ofisini anakunywa chai. Alimweleza, na hakupaza sauti. Mtumishi naye hakukasirika, alimsogezea kiti.

"Binti yangu, daktari akikutibu, hasomi kwanza cheti chako? Akisoma, dawa inaacha kuwa dawa?"

"Daktari hasemi ameoteshwa."

"Mungu anatumia vyombo. Wewe ni chombo. Kalamu yako ni chombo."

"Kalamu yangu ilikosea, baba. Mungu akakosea nayo?"

Mtumishi aliweka kikombe. "Kuna roho ya mashaka imekuingia. Na mimi najua umetoka ukoo gani." Alitabasamu kwa huruma, huruma ile ile iliyomfanya Sindano amwamini miaka yote. "Nisingependa kanisa zima lijue."

Sindano aliliacha daftari mezani. Baadaye alijilaumu kwamba hakulichana.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mwalimu. Wifi alishaondoka na begi lake moja. Watoto walikuwa wanalia hawajala. Sindano akasema yote, akiwa amesimama sebuleni: daftari, chumba, shavu. "Ni mimi niliyeandika. Hakuonyeshwa kitu. Mrudishe dada wa watu."

Mwalimu alimsikiliza, uso ukikunjamana polepole. "Tangu aondoke, kichwa kimeacha kuuma," alisema.

"Zimepita saa mbili tu, mwalimu."

"Wewe unanionea wivu uponyaji wangu. Mtumishi alishatuonya kwamba adui atamtumia mtu wa karibu." Akamfungulia mlango. "Ondoka kwangu, shetani wewe. Mimi sitaki nikutukane mbele ya watoto."

Maneno hayo Sindano aliyajua. Alikuwa ameyafundisha mwenyewe, kwa wageni, kwenye chumba kile.

Mumewe alikuwa na habari kabla hajafika. Alikuwa mzee wa kanisa sasa, na geti la ghala lile alilichomelea yeye. "Rudi ukaombe msamaha," alisema.

"Mume wangu, mtoto wetu alikuwa wa kiume."

"Usianze."

"Wewe ulimwona. Ulimbeba mpaka kaburini. Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Fundi alitazama mikono yake yenye alama za cheche. "Wa kiume," alisema.

"Na siku ile Mtumishi aliposema msichana, ulikuwa umekaa pembeni yangu."

"Nilitaka awepo wa kulaumiwa," alisema mumewe. Kwa kitambo kidogo Sindano alidhani wamefika. Kisha mumewe akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Nikimkana Mtumishi leo, nitakuwa nilimfukuza mama yako bure. Siwezi. Ukitaka kwenda, nenda."

Akaenda.

Alimkuta mama yake uani anaanika nguo, mgongo umepinda kuliko alivyoukumbuka. Sindano alipiga magoti kwenye matope ya maji ya kufulia na kusema alichokuja kusema. Mama hakumwinua. Alimaliza kubana shuka, akakaa kwenye kigoda.

"Uliponifukuza nilijitetea kwa Mungu," alisema. "Mwezi mzima. Halafu nikaanza kuitazama hii mikono. Nikajiuliza, na kama kweli? Mtu hajijui. Mwaka jana mke wa seremala aliletwa hapa, uchungu umemkaza, hospitali mbali. Nilifunga mlango, mwanangu. Mimi. Nikawaambia kupitia dirishani, mpelekeni kwingine, mikono yangu ina mkosi. Alijifungulia njiani, akapona, na mtoto akapona, kwa neema tu. Mpaka leo hanisalimii, na ana haki."

"Mama, Mtumishi alikuongopea."

"Alikuongopea wewe. Mimi uliyeniongopea ni wewe." Alisema bila ukali, kama anayesahihisha hesabu ya mtoto. Kisha sauti yake ikabadilika. "Alikuwa na nywele nyingi. Na masikio ya baba yako, yale ya kusimama. Nilijua hakuna atakayekuambia."

Sindano alilia hapo mpaka shuka likakauka. Alipotulia aliomba wasali pamoja.

"Wewe sali," mama alisema. "Mimi na Mungu tunaelewana. Mimi na wewe bado. Chumba cha nyuma kina kitanda."

Wiki iliyofuata cherehani yake ililetwa kwa mkokoteni kutoka kwa mumewe, bila ujumbe. Sindano aliiweka barazani kwa mama yake. Alimtafuta yule wifi. Aliambiwa amerudi kwa ndugu wa mbali na simu yake haipatikani. Ghala lilijaa, kisha likapanuliwa. Wanawake wa kule wachache walikuja bado kushonewa, na kila mmoja Sindano alimwambia, akiwa na pini mdomoni, "Mle ndani usiseme kitu, Mungu anakijua tayari. Uone kama watafunuliwa." Wengi walibadili fundi. Aliendelea kusema.

Mama yake alijibu salamu kila asubuhi. Mikono yake haikumgusa tena mzazi yeyote.