Picha za Samaki wa Baba

Baba alikuwa na wiki ya nne hospitalini, na kila siku saa saba mchana, nikifika kumwona, swali lilikuwa moja: samaki wake wako aje? Mimi, bintiye, hakuniuliza hali. Alitaka picha mpya ya tangi lililo sebuleni kwetu, mtaa wa Lucky Summer, na si ya simu, bali ya kamera yake ndogo ya mfukoni, aliyoinunua enzi vinyago alivyochonga vilipokuwa vikiuzika. Zima flashi, alinifundisha, gusisha lenzi kwenye kioo. Nami nikatii kama mjinga.

Wiki ya kwanza tu daktari alituita kando, mimi na kaka yangu Munyoki, akasema ini limekwisha, amebakisha mwezi mmoja. Munyoki akaamua mzee asijue. Kuamua ni rahisi. Uongo wenyewe niliusema mimi, kila siku, kando ya kitanda.

Jumanne transfoma ya mtaa ikaungua, na pampu ya hewa ya tangi ikazima. Stima ziliporudi Alhamisi, samaki wote watatu walikuwa wanaelea, matumbo juu. Nililia kwa hasira, nikawatupa. Ijumaa nikatafuta kwenye kamera picha ya zamani yenye wote watatu, nikampelekea.

Aliitazama sana. Akauliza ni ya lini. Nikasema ya asubuhi hiyo. Akaikuza, akanigeuzia kamera. Nyuma ya samaki, kwenye kioo, alionekana mwanamume mnene ameshika kamera, flashi inawaka usoni. Alikuwa yeye, mwaka juzi, kabla hajajua kupiga vizuri.

"Walikufa lini?"

"Jana, Baba. Stima zilipotea."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alizima kamera akanishika mkono.

"Koki, kama umenificha samaki, daktari naye alisema nini?"

Nilitazama mlangoni, nikiomba Munyoki atokee. Hakutokea.

"Mwezi mmoja."

"Kuanzia lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

Akasema kama angeambiwa mapema, angekuwa ameshafika kijijini kwetu Wamunyu, ameshatuonyesha mipaka ya shamba na kuagana na dada yake. Akaomba apelekwe siku hiyo hiyo. Munyoki alipata gari kabla ya jioni, lakini daktari alimpima akakataa. Alisema wiki mbili nyuma angemruhusu. Sasa hata Athi River, mwanzo tu wa safari, hangefika.