Wingu la Ubaoni

Siku ya tatu ya mafunzo, saa tatu na robo asubuhi, mkufunzi aliwafundisha maafisa mipango kumi na wawili kuchora wingu. Kinachohifadhiwa ni kisanduku, alisema, kinachohama ni mshale, na mshale ukielekea mahali tusipopahesabu, mwisho wake tunachora wingu. Aliyeitwa ubaoni ni afisa wa maji, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wenzake. Alichora kisanduku cha bwawa jipya, akachora cha wakazi wa bondeni watakaohama kulipisha, kaya mia tatu na sita, akatoa humo mshale na kuumalizia kwenye wingu. Hesabu zikakaa sawa.

Waliporudi kutoka kunywa chai, ambayo haki ya Mungu haikuchelewa, wingu lilikuwa limetoka ubaoni na kutanda chini ya dari. Mhudumu alizima feni lisije likapeperuka. Ndani ya wingu watu walikuwa wakikohoa na kugombania nafasi, na sauti moja afisa aliijua vizuri, maana ndiyo iliyomlea tangu alipofiwa na mama yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Huku hakuna hata pa kuinjika sufuria. Tuchoree kisanduku, japo kidogo."

Roho ilimuuma. Aliinua kalamu. Mkuu wa idara, aliyepita kusalimia tu, alimweleza kwa upole kwamba kisanduku kinataka viwanja, maji na shule, na mpango ulishasainiwa.

"Lakini shangazi yangu yumo humo, mkuu."

"Tunamwona. Hakuna aliyekataa."

Afisa aliifunika kalamu, akaona aibu kumtazama shangazi yake.

"Wahenga walisema liandikwalo ndilo liwalo," shangazi alisema kule juu. "Hawakusema mwandishi atakuwa mtoto wa kaka yangu."

Baadhi ya maafisa walicheka. Shangazi alikuwa na utani tangu zamani.

Ijumaa waligawiwa vyeti. Wingu lilikuwa limeshuka hadi usawa wa macho, kwa hiyo picha ya pamoja walipiga wameinama.

Jumatatu mkuu alileta faili la bonde la pili, kaya mia tano, akamwomba afisa apanue wingu. Alilipanua taratibu, kwa mwandiko wake uleule mzuri, huku shangazi akimwelekeza pa kupitisha mstari, wageni wasije wakawabana watoto.