Gesi ya Bosi, Hewa ya Mungu

...robo mzunguko tu, nigeuze spana robo mzunguko na gesi yote itoke, shwaaa, kiyoyozi kibaki bati tupu, na bosi awapokee wageni wake wakubwa mchana huu akiwa amelowa chapachapa, aonje, ajue joto halimwogopi mwenye suti... "Dada fundi, bado tu?" ananiuliza dirishani, dada fundi, hanijui huyu, hajui mimi ni mtoto wa yule mama wa chumba cha nyuma, hapo chini, ambaye dirisha lake lilipigwa na pumzi ya mashine hii kutwa kucha, maana kiyoyozi hakiumbi baridi, kinalitoa joto ofisini na kulitupa nje, na nje kwa bosi ndiko nyumbani kwa mama... "Bado kidogo, bosi," nasema, meno nje, moyo unachemka... mama alipanda ngazi hizi na mguu wake mbovu, akamwambia, mwanangu, hebu igeuzeni hiyo mashine, tunaungua, naye akamjibu macho kwenye simu, mama, funga dirisha, funga dirisha! na ulikuwa ule mwaka kiangazi kiligoma kuondoka, mvua zikapotea njia, hata kuta zilikuwa na homa, akafunga, mama mtiifu yule, tukamkuta asubuhi, kitambaa cha maji kimemkaukia kifuani... simsamehe, nasema wazi, simsamehe, wanaosema yaliyopita si ndwele hawakumwosha mama yangu... geuza basi, unangoja nini, mafundi wote tunafungua hivi hivi, gesi ya bosi, hewa ya Mungu, ndiyo kauli yetu, iache ipae, utajaza mpya... ila yule mwalimu wa chuo, mwembamba, kikohozi hakimwachi, alikuwa akigonga meza, jamani, gesi hii haipotei, inakaa huko juu inaifunika dunia kama blanketi juu ya mgonjwa wa homa, mtungi mdogo tu ni sawa na gari kuunguza mafuta mwaka mzima, tukamcheka, tukamwita Blanketi... nenda zako, Blanketi, leo nina kesi yangu... "Wewe wa huko juu!" sauti ya mwanamke, natazama chini, dirisha la mama liko wazi, mpangaji mpya, kichanga kinalia begani, kishingo kimejaa vipele vya joto, "mmeizima hiyo mashine? Mungu akubariki, leo tunapumua!" nami nina spana mkononi, naona aibu, kwa sababu gesi ikitoka itampita bosi, ataita fundi mwingine kabla ya jioni, atajaziwa nyingine, atakaa kwenye baridi yake, na hilo blanketi litamfunika nani, kile kichanga, dada yangu na mimba yake, mimi mwenyewe, yaani nichome nyumba nzima ili nimkomeshe panya mmoja, na panya mwenyewe ana mlango wa nyuma... basi nitakupata wapi, wewe mwanamume, wapi uumie peke yako... barazani! hapo mbele, kwenye kochi lako, unapokunywa kahawa kila jioni, unapocheka na wakubwa wenzako, ukuta ni imara, bomba linafika... "Bosi," nasema, sauti imetulia mpaka naiogopa, "mashine hii ilifungwa pabaya, huku nyuma pamebana, haipumui, itakufia tena, inafaa ihamie mbele." "Barazani kwangu?" "Ndiyo, bosi." "Itanisumbua?" "Itapuliza kidogo." Anatazama saa, anajipepea na tai, "Hamisha popote, mimi nataka baridi tu," utaipata, bosi wangu, utaipata mpaka kwenye mifupa, na kila ukitoka kuwaaga wageni wako utalikuta mlangoni joto ulilolitupa, linakungoja, mwaka hadi mwaka, na viangazi vyenyewe sasa havina haraka ya kwisha... chini mtoto amenyamaza, spana iko palepale kwenye valvu, haijageuzwa, nami nawaza nianze kutoboa ukuta upande gani.