Aliyesogezewa Nafasi

Kaka zangu wawili walibishana juu ya Mungu tangu wakiwa vijana, na mahali pao pa kubishania palikuwa karakana ya majeneza. Mkubwa ni mchungaji. Wa pili alikuwa seremala, na majeneza mengi ya mtaa wetu yalitoka mikononi mwake. Hata nyumbani tulimwita Fundi. Mimi ni kitinda mimba wao. Kazi yangu ilikuwa kushona bitana nyeupe za ndani na vile vimito vya kulalia kichwa. Ninaandika haya kwa sababu sauti ya Fundi imeanza kunipotea, ila maneno yake bado ninayo.

Fundi hakukubali kubishana akiwa na msumeno mkononi. Lakini akishapaka gundi na kuzibana mbao kwa vibano, mikono yake ilibaki haina kazi, na hapo ndipo alipompigia kaka simu. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya barabara tu.

"Baba Mchungaji, gundi imeshapakwa. Njoo uiokoe roho yangu kabla haijakauka."

Kaka alikuja, mara nyingine kola ikiwa bado shingoni. Fundi alijisogeza kwenye benchi, akapiga-piga ubao kwa kiganja, naye akakaa. Gundi ikishika, mjadala ulikatwa palepale, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Aliyesema mwisho alibaki na ushindi wake mpaka jeneza lijalo.

"Sikiliza, mbishi wewe," kaka alimwambia siku moja. "Wale mitume walikubali kuuawa. Nani anakubali kufa kwa uongo alioutunga mwenyewe?"

"Nimesema walidanganya? Waliona walichoona. Mama naye alimwona baba sokoni mwaka mzima baada ya kumzika. Alikuwa anamnunulia hadi tumbaku. Alikuwa mwongo mama?"

"Mama alikuwa na majonzi."

"Na mitume je, walikuwa kwenye harusi?"

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Kaka naye alicheka, kisha akajaribu kwa njia nyingine. "Haya. Tuseme unaamini, halafu kumbe hayupo. Umepoteza nini?"

"Sasa huyo Mungu wako, anayeona mpaka moyoni, hatamtambua mtu aliyekuja kubahatisha?"

Kulikuwa na siku ambayo hawakucheka. Fundi hakuwahi kuweka jeneza la mtoto tayari dukani. Alisema kulitengeneza mapema ni sawa na kumngojea mtu. Siku hiyo baba mmoja alikuwa amekuja na kipimo cha mwanawe kwenye kamba, akakiweka mezani. Gundi ilipopakwa, Fundi hakupiga simu. Kaka alikuja mwenyewe.

"Niambie hili lina kusudi gani," Fundi alisema. Hakumtazama.

"Sijui."

"Basi mwambie huyo bwana wako, kama anaweza yote na anapenda wote, hesabu yake hainiingii akilini."

"Umekasirika," kaka alisema taratibu. "Unamkasirikia nani? Mtu hagombani na nyumba tupu."

"Nakukasirikia wewe unayemsemea."

Walikaa mabega yakigusana, mpaka gundi ikakauka.

Kisha ini la Fundi likaharibika. Alipolazwa, tulipeana zamu, kaka na mimi. Mchana mmoja tukiwa wawili tu, Fundi alinishika mkono. "Kitinda, nikifa atasimama mbele ya watu aseme nilitubu. Si kwa ubaya, ni kwa mapenzi. Usimruhusu. Asinisingizie wakati siwezi kujibu." Nikamwahidi.

Ahadi hiyo ilikuwa rahisi mpaka niliposikia na upande wa kaka. Tulikuwa kwenye korido, karibu na mabeseni ya kunawia. Alisimama akiuelekea ukuta.

"Dada, nimehubiri miaka yote juu ya mwisho wa mtu asiyeamini. Nimehubiri vizuri, watu walilia. Sasa nikifumba macho kuomba, namwona yeye. Yuko ng'ambo, ameshika kibano, ananiuliza, hivi ulikuwa unamaanisha?"

Fundi alifariki alasiri, kaka akiwa ametoka kuzungumza na daktari. Ndani nilikuwepo mimi peke yangu. Fundi aliamka, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Kisha akageukia upande wa pili wa kitanda, upande wa dirisha, pasipo kiti wala mtu. Akajikokota kuja upande wangu, kwa taabu kubwa, na akapiga-piga shuka kwa kiganja mahali alipotoka. Nilidhani anataka nimkunjulie blanketi. Nikanyoosha mkono. Akautoa pale kwa upole, kama mtu anayemzuia mtoto asikalie kofia ya mgeni.

Akawa anasikiliza. Uso wake ulikuwa ule wa karakana, jicho moja limefinywa, akimngoja mwenzake amalize ili amrukie. Alingoja muda. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha puani, akasema wazi kabisa, "Hapo sasa umenishinda."

Hakusema tena. Kaka aliporudi na daktari, mimi nilikuwa bado naitazama ile shuka.

Sikumwambia mtu. Maneno yale kaka hakuyapata hata mara moja katika mabishano yao yote. Nikimpa, nitakuwa nimemwekea ungamo mdomoni, na ahadi yangu imekwisha. Nikimnyima, atamzika ndugu yake akiamini amempoteza milele. Nyumbani ilikuja tabia mpya: nikikaa kwenye kochi najikuta nimekaa pembeni kabisa, nimeacha nafasi, na siwezi kujilazimisha kuitazama.

Siku moja kabla ya mazishi nilikuwa karakana nashona bitana ya jeneza lake, moja ya yale aliyoyaacha yamekamilika. Kaka akaingia. Alikaa kwenye benchi, mwisho kabisa.

"Ulikuwa naye. Alisema nini?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia na ahadi pia. Nilitegemea atapiga magoti. Alibaki ameinamisha kichwa, na aliponyanyua uso, jicho lake moja lilikuwa limefinywa.

"Alikuwa amechomwa dawa ya maumivu?"

"Asubuhi, ndiyo."

"Jana yake alikuwa anasema nini?"

"Alimwomba muuguzi randa."

"Unaona! Na hiyo randa, nayo ilikuwa imeshuka kutoka mbinguni?"

Maneno yalikuwa ya Fundi, na hata ule mkato wa sauti. Nikajikuta natetea upande ambao sikuwahi kuutetea. "Lakini alinitambua, kaka. Aliniuliza kama nimekula."

"Mama naye alitutambua sote, na bado alinunua tumbaku."

"Kwa nini unajinyang'anya mwenyewe?" Nilikuwa nimeanza kulia. "Si ndicho ulichokuwa unakiomba?"

"Ndicho. Ndiyo maana siwezi kukichukua hivihivi." Alipangusa uso kwa kipande cha kitambaa changu. "Yeye angekipinga, dada. Hayupo. Nisipompingia mimi, nani atampingia? Acha kwanza nikipige kwa kila alichonifundisha, kisha nione kimebaki nini."

"Kimebaki nini?"

Alitazama ule upande wa benchi uliokuwa mtupu kati yetu.

"Alicheka," alisema. "Hicho sijui nikifanyeje."

Kesho yake alisimama kando ya kaburi, kitabu kimefungwa. "Ndugu yangu hakuamini ninachoamini," alisema. "Alikuwa na hoja, na nyingine sijazijibu mpaka leo. Sitamsemea. Na yule ninayemsemea kila Jumapili, leo nanyamaza nimwachie aseme mwenyewe." Mama mmoja wa kwaya alimnong'oneza jirani yake, "Haya nayo ni mahubiri gani?" Mzee wa kanisa alikohoa kwa makusudi. Kaka akachukua koleo.

Bado anahubiri. Lakini katikati ya mahubiri husimama ghafla, akainamisha kichwa upande, kama mtu aliyekatizwa. Waumini wanasema ni uzee unaingia. Mimi nakaa kiti cha nyuma, na kila anaponyamaza naijua hoja anayoisikia, naweza hata kuitamka. Jumapili iliyopita alikuwa akisoma habari za ufufuo, akafika kwenye neno "hakika". Akasimama. Akangoja, akatikisa kichwa taratibu, kama amekubali jambo.

"Natumaini," alisema, akaendelea.