Kinyozi wa Wodi ya Wanaume

Muuguzi alikuwa bado mgeni wodini aliposikia kwamba akina mama wa kanisani kwao wataanza kuja hospitalini kila Jumamosi, kuwaogesha, kuwafulia na kuwalisha wagonjwa wasio na ndugu. Hilo lilimfurahisha. Kilichomkosesha raha ni kujua kwamba mama yake atakuwamo, na mashine yake ya kunyolea.

Mama yake alikuwa kinyozi. Alirithi kibanda cha marehemu mumewe, na watu walipocheka kwamba mwanamke atanyoaje ndevu asizokuwa nazo, aliwajibu, "Kwani mwoka mikate naye ni mkate?" Kwa kazi hiyo alimsomesha binti yake huyu hata akawa muuguzi. Hata hivyo binti aliogopa midomo ya wenzake.

"Mama, si ubaki na wanaofua?" alimnong'oneza mlangoni Jumamosi ya kwanza.

"Mwanangu, kila mtu humtumikia Mungu kwa mkono aliopewa. Wangu umezoea vichwa vya watu."

Kitanda cha mwisho kilikuwa na mtu aliyeokotwa barabarani hajitambui. Tangu azinduke hakutamka neno, na wauguzi wakambandika jina la Kimya. Nywele zake zilishikamana kama zulia kuukuu, ndevu zimemmeza uso. Kila alipoguswa aligeukia ukutani.

Mama alivuta kigoda, akaketi. "Kaka yangu, mimi ni kinyozi. Sina haraka nawe."

Alichovya kitambaa katika maji ya uvuguvugu, akawa anampangusa shingo taratibu, huku akimsimulia habari za mteja wake mmoja aliyesinzia kitini akaamka hana nyusi. Mabega ya yule mtu yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Akageuka mwenyewe.

Mama alinyoa kwa subira, akikwepa kidonda cha kisogoni. Mashine ilipokaribia mdomo, sauti iliyokauka ikasema, "Masharubu yaache."

Wagonjwa wa jirani waligeuza vichwa. Binti alisimama na sinia la dawa mkononi.

"Yameachwa, kaka," mama alijibu, kana kwamba walikuwa wakipiga soga tangu asubuhi.

Alasiri, saa ya kuona wagonjwa, aliingia mwanamke aliyekuwa akizunguka hospitali zote akimtafuta kaka yake. Wodi hii alishapita juzi, akatazama kila kitanda, akatoka analia. Safari hii alifika kitanda cha mwisho, akashika ukingo wake.

"Kaka?"

"Umekonda, dada," alisema Kimya.

Walishikana, wakalia wote wawili. Kisha yule dada akamgeukia muuguzi. "Juzi nilimwona, nisimjue. Nani amenirudishia uso wa kaka yangu?"

Daktari alikuwepo, na wauguzi wenzake wote. Binti alihisi aibu yote ya asubuhi haipo.

"Yule pale anayefagia nywele," alisema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Ni wa kanisani kwetu. Na ni mama yangu mzazi."

Dada alitaka kumpigia mama magoti, mama akamwinua. "Tumshukuru Mungu, mwenzangu. Mimi nimepunguza ndevu tu."

Zamu ya binti ilikuwa imekwisha, lakini hakwenda nyumbani. Alikunja mikono ya sare, akabeba beseni mpaka kitanda cha jirani.

"Mjomba, zamu yako," alimwambia mgonjwa. "Anayekunyoa leo ndiye aliyenizaa mimi, kwa hiyo tulia."