Joto la Julai Nyuma ya Kalenda

Chumba alichomwandalia mjukuu kilikuwa baridi kama friji. Marlys Tveit alishika shuka za kitanda kidogo, akaziachia upesi. Nje, Minnesota yote ilikuwa imezama kwenye theluji.

Simu ikalia. Alikuwa Kari, binti yake, anatoka hospitali na mtoto.

"Mama, nyumba ina joto?"

"Kwa nini isiwe nalo?"

"Sauti hiyo naijua. Kama kuna baridi sema, tupitilize kwa wakwe zangu. Wao wana tanuru jipya."

"Njoo hapa," Marlys alisema, akakata simu. Mjukuu wake wa kwanza alale usiku wake wa kwanza kwa watu wa tanuru jipya? Thubutu.

Alishuka chumba cha chini, liliko tanuru la gesi linalopuliza hewa ya moto nyumba nzima. Swichi ilikuwa imewashwa. Chujio la hewa lilijaa manyoya ya mbwa, ungeweza kufuma mbwa wa pili. Akaweka jipya. Tanuru kimya. Akavaa buti, akazunguka nje, akaparua theluji kwenye mdomo wa bomba la moshi kwa mwiko wa jikoni. Kimya vilevile.

Alirudi ndani pua imekufa ganzi. Kwenye chumba cha kulia chakula, mama mkwe wake Borghild alikuwa anasukuma na kuchoma lefse, zile chapati nyembamba za viazi ambazo bila hizo Krismasi kwao haiwi Krismasi. Alikuwa amevua sweta, jasho linamtoka.

"Mama, nyumba inaganda, wewe unatoka jasho?"

"Baridi iko wapi? Nyie damu yenu maji matupu."

"Hebu sogea."

"Chapati itaungua."

"Iungue."

Marlys alitazama mvuke wa kikaango cha umeme ukipanda moja kwa moja hadi kwenye kalenda ya kanisa. Kalenda hiyo aliitundika Orrin, mume wake, ili kuficha kidhibiti joto, kile kidude cha ukutani kinacholiamuru tanuru liwake au lizime. Nyumba ile unaweza kugusa chochote cha Orrin, isipokuwa hicho, maana joto likipanda na bili ya gesi hupanda. Basi hakuna aliyekitazama.

Akafunua kalenda. Kidude kilikuwa kinasoma joto la Julai, mwezi wa joto kali kwao. Kilikuwa kizima kabisa. Kimeota moto wa lefse asubuhi nzima, kikaliambia tanuru lilale.

Kila mwaka lefse zilichomwa jikoni.

"Nani kaleta kikaango hapa?" Marlys aliuliza.

"Wewe. Ulisema jikoni unapanga chupa za mtoto."

"Najua ni mimi. Nilitaka kuona kama utanifichia siri."

"Nikufichie nini? Wewe, wewe, wewe."

Borghild akaanza kucheka, Marlys akafuata, hadi unga ukawaingia puani. Wakahamishia kikaango jikoni, kisha Marlys akachukua kalenda na kukipepea kile kidude kama mgonjwa wa homa. Chini kukasikika mlio mdogo, halafu ngurumo. Hewa ya moto ikachomoza kwenye matundu ya sakafuni. Borghild akasimama juu ya tundu moja, sketi ikavimba, akazunguka kama msichana.

Kari alipofika walimvua mtoto blanketi moja baada ya jingine, kama wanamenya kitunguu. Shavu lilipotokea, Kari alitazama huku na huku.

"Kumbe kuna joto kweli."

"Nilikwambia njoo," Marlys alisema.

Orrin, aliyewaleta kwa gari, aliingia nyuma yao akaiona kalenda juu ya meza.

"Nani kagusa ukuta wangu?"

Borghild akamwekea mtoto mikononi. Orrin alikishika kidole kidogo cha mtoto. Kisha alikwenda ukutani na, kwa mara ya kwanza tangu wahamie pale, akapandisha joto kwa mkono wake mwenyewe.

Marlys alipaka lefse siagi na sukari, akamtia Orrin mdomoni kabla hajabadili mawazo.